Nabii Zakariya (A.S.) na Mtoto wa Uzeeni

Jina la Nabii Zakariya (A.S.) limetajwa katika Qur'ani Tukufu mara 7. Hakuhadithiwa kwa vita wala kwa ufalme. Khabari yake kubwa ni ya ndani ya nyumba: mume aliyekwisha kuzeeka, mke asiyezaa, na dua iliyoombwa kwa siri. Nasi tumeona tuieleze, kwani hapana mtaa katika miji yetu usiokuwa na nyumba ya namna hiyo.

Alikuwa Nabii wa Bani Israili, akikaa Baitul-Maqdis, yapata karne 6 kabla ya kuzaliwa Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Kazi yake ilikuwa useremala. Haya yamo katika Sahihi Muslim kwa riwaya ya Abu Huraira, nasi tunaosomesha dini twaitaja hadithi hiyo kwa makusudi, kwani Nabii huyu alikula kwa mkono wake wala hakuwanyoshea watu bakuli.

Mke wa Imrani alipoweka nadhiri ya kilichomo tumboni mwake, kisha akazaa binti, naye ndiye Maryamu, wakuu wa ibada walishindana nani amlee. Wakapiga kura kwa kalamu zao, kura ikamwangukia Zakariya. Akawa kila amwingiliapo mihirabuni humkuta na riziki ambayo yeye hakuileta. Wafasiri wengi husema ni matunda ya kiangazi wakati wa baridi, na ya baridi wakati wa kiangazi. Alipomwuliza yatoka wapi, binti alimjibu kuwa yatoka kwa Mwenyezi Mungu. Papo hapo mzee yule akamwomba Mola wake. Aliyeweza kuleta tunda lisilo msimu wake hashindwi kuleta mtoto usio wakati wake.

Alivyoomba ndivyo vya kuzingatiwa. Aliita kwa sauti ya chini, na baadhi ya wafasiri wamesema ni ili asichekwe kwa kutaka mwana katika umri ule. Katika Surat Maryam alianza kwa kutaja unyonge wake mwenyewe, mifupa iliyolegea na kichwa kilichojaa mvi, ndipo akataja kuwa mkewe ni tasa. Tazama mpango huo. Kwetu sisi mwaka wa tatu ukipita bila mimba, lawama yote hutupiwa mwanamke. Mawifi hunong'ona, mama mkwe hununa, na mume huanza kutafuta shahidi wa talaka, ilhali matabibu wamekwisha kubainisha kwamba sababu huweza kuwa kwa mwanamume. Wengine humpeleka mke kwa mganga, akarudi na hirizi kiunoni na fedha zimekwisha. Zakariya hakuwa na mganga. Na Qur'ani haikutuhadithia kwamba alimwacha mkewe, bali mtoto aliyepewa alizaliwa na mke yule yule.

Wala hakutaka mwana kwa ajili ya mali. Imethubutu kwa Mtume (S.A.W.) kwamba Manabii hawarithiwi mali, na seremala naye ana nini cha kugombaniwa? Alikhofia jamaa watakaobaki nyuma yake wasiisimamie dini, akataka wa kumrithi ilimu na unabii.

Malaika wakamwita hali amesimama akisali mihirabuni, wakambashiria mwana jina lake Yahya, jina ambalo hakupewa mtu kabla yake. Alistaajabu na kuuliza itakuwaje, naye ni mzee na mkewe ni tasa. Akajibiwa kuwa hayo kwa Mola wake ni mepesi, kwani yeye mwenyewe aliumbwa hali hakuwa kitu. Akaomba alama, akapewa kwamba hataweza kusema na watu siku 3 na usiku wake, isipokuwa kwa ishara, hali yu mzima. Katika Injili ya Luka Wakristo husoma kwamba alifanywa bubu kwa kutosadiki, mpaka mtoto akazaliwa. Katika Qur'ani ububu ule ni alama aliyoiomba mwenyewe, na ulimi wake haukuzuiwa kumtaja Mungu. Alitoka akawaashiria watu wamsabihi Mola asubuhi na jioni.

Katika Surat Al-Anbiya imesemwa kuwa Mungu alimtengezea mkewe. Wako waliosema kilichotengezwa ni ulimi wake, kwani alikuwa na maneno mengi. Ibn Kathir ameiona tafsiri ya kwanza kuwa ndiyo dhahiri, yaani alikuwa hazai akazaa, nasi twafuata hiyo. Ile ya pili yapendwa zaidi na waume. Jina la bibi huyo halimo katika Qur'ani. Lakini hadithi ya Miiraji yasema Yahya na Isa ni wana wa khala, na kwa hiyo maulamaa wamekhitalifiana: alikuwa dada yake Maryamu, au khala yake.

Yahya alipewa hekima angali mtoto, akawa mwema kwa wazee wake wawili. Ama kisa kwamba Zakariya aliingia katika mti akapasuliwa kwa msumeno, ni katika khabari za Bani Israili, hatuna sanadi ya kukitegemea. Katika mji wa Halab, nchi ya Sham, uko msikiti mkuu usemwao kuwa mna kaburi lake. Mnara wake ulianguka mwaka wa 2013 katika vita vya huko. Wako waliokwenda pale kutaka watoto, hali mwenye kaburi alipotaka mtoto alisimama mihirabuni.

Na Waislamu walipohamia Uhabeshi, hijra ya kwanza ikiwa mwaka wa 615, Jaafar bin Abi Talib aliombwa na Najashi asome katika aliyokuja nayo Mtume. Akasoma mwanzo wa Surat Maryam, nao mwanzo huo ni dua ya Zakariya. Najashi akalia hata ndevu zake zikarowa.