Marehemu Shaaban Robert: Hadithi Zake Alizitoa Wapi?

Kila tunapowapa wanafunzi wetu kazi ya insha, lalamiko huwa ni lile lile: hakuna la kuandika. Kwa hiyo tumeona tuwaletee maisha ya Marehemu Shaaban Robert, Mwenyezi Mungu amrehemu, na hasa habari ya wapi alipata mambo ya kuandika.

Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, akasoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926. Kisha akawa karani wa serikali ya kikoloni: kwanza forodhani, Pangani na kwingineko, halafu idara ya mifugo huko Mpwapwa, na baadaye Tanga. Hakuwa na siku nzima ya kukaa na kalamu.

Tuanze na Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952. Kisa chake hakukibuni kutoka hewani. Kimo katika Alfu Lela Ulela: Abdullah bin Fadhil ana ndugu wawili waliogeuzwa mbwa, naye hulazimika kuwapiga kila usiku, habari ikamfikia Khalifa Harun Rashid. Shaaban Robert alikichukua kisa akakijenga upya. Mbwa wakawa manyani, Khalifa akawa Mfalme Rai, na ndugu wale akawaita Hasidi na Mwivu. Msomaji akisikia majina hayo tu, ameshajua ugonjwa wao. Kwetu sisi huo si wizi. Ni sawa na fundi anayenunua mbao sokoni akatengeneza kitanda chake mwenyewe.

Kusadikika, cha mwaka 1951, kilitoka mahali pa hatari zaidi. Karani wa Mwingereza aliona dhuluma kila siku, na kuisema waziwazi kungemgharimu. Basi akabuni nchi inayoelea angani, akamsimamisha Karama mbele ya mfalme ashitakiwe kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Karama anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na elimu, wakaishia gerezani. Wazazi wanaotuuliza kama hadithi si uongo tu, tunawaomba wakisome hicho kwanza.

Mengine aliyapata nyumbani. Mkewe Amina alipofariki alimtungia shairi, na binti yake Mwanjaa akamwandikia Utenzi wa Hati. Mengine aliyafuata kwa miguu: alikwenda Unguja kuzungumza na Siti binti Saad, muuza vyungu aliyekuja kuwa mwimbaji mashuhuri, kabla hajafariki mwaka 1950. Wasifu wake ukatoka 1958. Vita Kuu ya Pili hakuvipigana, lakini alifuatilia habari zake hadi akazifanya utenzi mrefu sana.

Hapa kwetu Buseresere visa havikosekani. Kijana anayeketi sokoni jioni husikia habari za wachimbaji waliopata dhahabu wakagombana na ndugu zao, na kesho yake amezisahau kwa kuwa hakuziandika. Shaaban Robert aliandika hata pale ambapo hakuwa na wa kumchapishia. Kufikirika alikiandika mwaka 1946. Kilichapishwa 1967, miaka mitano baada ya yeye kufariki.