SITI BINTI SAAD: MAMA ALIYESEMA KWELI KWA MAFUMBO

Katika kijitabu hiki cha miaka kumi, kamati imenipa nafasi nimwandike marehemu Siti binti Saad wa Unguja.

Alizaliwa kijijini Fumba, mwaka 1880 hivi, akaitwa Mtumwa. Kwao walikuwa maskini. Mama yake alifinyanga vyungu, naye akavitembeza kwa miguu hadi mjini, akinadi kwa sauti yake nzuri. Shule hakusoma. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza kuimba. Enzi hizo taarabu ilikuwa ya jumba la Sultani, tena kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, hata mchukuzi na mpika maandazi wakaelewa. Mwaka 1928 akaenda Bombay, India, na wapigaji wake, wakarekodi santuri. Mwanamke wa Afrika Mashariki kabla yake hakuna.

Sasa tuje kwenye mafumbo. Wapinzani walimcheka: eti mtu wa shamba, muuza vyungu, sura hana. Hakutukana mtu. Alijibu kwa wimbo, maana yake uzuri wa sura si hoja, hoja ni akili.

Upo pia wimbo wa Kijiti. Ukiusikia harusini unaweza kucheza tu, kumbe ni msiba. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja. Mwuaji akavuka bahari akapona, ila wanawake waliokuwa na marehemu ndio waliotiwa hatiani. Nani angethubutu kumwambia hakimu wa serikali ya Mwingereza kwamba kakosea? Siti alithubutu, na mji mzima ukaimba.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950. TAMWA walipoanzisha gazeti lao mwaka 1988 waliliita Sauti ya Siti.

Na sisi tulichekwa, eti tunakutana kusengenya. Tukajibu kwa daftari la hisa. Lakini jamani, wapo kati yetu ambao wakichukua mkopo mume anaunyakua, marejesho yanamwelemea mama peke yake, naye kimya. Mwenzangu, kama kusema wazi huwezi, sema hata kwa fumbo. Sisi ni wanawake, tutaelewa, na tutakaa tulizungumze. Ila usinyamaze.

Mungu amlaze Siti mahali pema.

Mwenyekiti