Shaaban Robert: karani wa Tanga aliyeandika kwa sauti yake mwenyewe

Ukitoka Moa ukafuata pwani kuelekea kusini, ukapita Tanga mjini, utafika Machui. Kijiji ni cha minazi na wavuvi, kama vingi vya pwani yetu. Katika kitongoji cha Vibambani, karibu na hapo, alizaliwa Shaaban Robert tarehe 1 Januari 1909. Leo jina lake linajulikana popote Kiswahili kinaposomwa, naye huitwa baba wa fasihi ya Kiswahili ya kisasa.

Wasikilizaji wetu vijana hutuuliza mara kwa mara: je, mtu wa kijijini, asiye na shahada, anaweza kuwa mwandishi? Na akiandika, afanyeje ili maandishi yake yasifanane na ya kila mtu? Maisha ya mzee huyu yanajibu maswali yote mawili.

Ukoo wa baba yake ulikuwa wa Wayao, lakini Shaaban alijihesabu Mswahili. Alisoma shule Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, basi. Chuo kikuu hakukiona. Mwaka huohuo wa 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilimweka Pangani, mahali mto unapokutana na bahari. Mchana aliandika hesabu za serikali. Mashairi, barua na hadithi vilisubiri saa zake mwenyewe.

Wakati ule Kiswahili cha kuandika kilikuwa katika mabadiliko makubwa. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, na lahaja ya Unguja ikafanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Vitabu vingi vya hadithi vilivyofika shuleni vilikuwa tafsiri za vitabu vya Kiingereza. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, ila mwendo wa sentensi ulikuwa wa kigeni. Upande wa pili ulikuwapo utajiri wa tenzi na mashairi ya Mombasa, Lamu na Pate, wenye sheria kali za vina na mizani. Kijana wa Tanga aliyeshika kalamu alikuwa na njia mbili zilizokwisha kupitwa na wengine: kuiga tafsiri, au kuiga malenga wa zamani.

Shaaban hakuchagua moja na kuitupa nyingine. Katika mashairi alishika vina na mizani, lakini aliimba mambo ya siku zake kwa Kiswahili kinachoeleweka bara na pwani. Utenzi wake wa Vita vya Pili vya Dunia una takriban beti 3000. Umbo lake ni lile la tenzi za kale, ila habari zake ni za majeshi na mataifa ya wakati wake. Katika nathari alifanya kitu kigeni zaidi: aliandika sentensi zenye mizani kama za shairi. Neno moja hulipa neno lingine, jambo huwekwa mkabala na kinyume chake, na methali huingia bila kubisha hodi. Msomaji aliyezizoea akisoma mistari michache humtambua mwandishi bila kutazama jalada.

Sauti hiyo haikuja siku moja. Kwa miaka mingi alimwandikia barua nduguye, Yusuf Ulenge. Barua hizo zimehifadhiwa na kuchapishwa, nazo ni za kuanzia mwaka 1931 hadi 1958. Mtu anayemwandikia ndugu yake hana haja ya kujikweza, husema analosema. Huko kulikuwa kujizoeza kukubwa.

Huzuni nayo ilimfunza. Mkewe Amina alipofariki, alimtungia shairi la maombolezo ambalo limesomwa na vizazi vya wanafunzi. Hakutafuta maneno makubwa ya kuonyesha ujuzi. Aliongea na marehemu kama mume anavyoongea na mkewe.

Mwaka 1944 alihamishiwa Longido, katika idara ya wanyamapori. Mtu wa pwani akajikuta katika nchi ya Wamasai, mbali na bahari. Miaka miwili baadaye alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya mkuu wa wilaya, kisha katika ofisi ya upimaji ardhi. Habari za safari na kazi zake alizieleza mwenyewe katika kitabu Maisha Yangu.

Hapa ndipo lilipo jambo zito. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na mtumishi hakuweza kuwasema wakubwa wazi akabaki salama. Je, anyamaze? Mwaka 1951 kilitoka kitabu chake Kusadikika, habari za nchi inayoelea angani. Humo Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi manufaa, na waliporudi wakatupwa gerezani. Mwishoni haki inashinda. Nchi ya angani haina mwenyewe, basi nani angelalamika kwamba ametajwa? Lakini msomaji wa Tanganyika alielewa. Mafumbo yale na majina yenye maana hayakuwa pambo tupu. Yalikuwa njia ya kusema kweli bila kuangamia.

Aliandika pia wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyetoka katika familia maskini ya Fumba, Unguja, akafika hadi Bombay kurekodi nyimbo zake mwaka 1928. Si ajabu alivutwa naye. Wote wawili walitoka chini, na wote wawili walitegemea sauti tu.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi michache baada ya uhuru wa Tanganyika, akiwa na umri wa miaka 53. Alipata nishani na sifa, lakini kazi zake kadhaa hakuziona zikiwa vitabu. Kufikirika kilitoka mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka 1968.

Baada yake wengi walijaribu kuandika kama yeye, na wengi walibaki kuwa kivuli chake. Wapo wanaosema pia kwamba anahubiri mno, na wahusika wake ama ni wema kabisa ama waovu kabisa. Neno hilo lina ukweli. Waliomfuata vizuri zaidi ni wale waliokwenda njia nyingine. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyetoa Rosa Mistika mwaka 1971, aliandika kwa lugha kavu ya kila siku, kisha akatunga mashairi yasiyo na vina. Hakufanana na Shaaban hata kidogo, lakini alifanya kilekile alichofanya Shaaban: alichukua alichorithi, akakipima kwa maisha aliyoyaona, akaacha kisichomfaa.

Kwa hiyo, kijana wa Moa, Pangani au popote unapotusoma kwa simu yako, usingoje shahada wala mashine ya kuchapa. Wasikilize wazee wanavyosimulia baraza jioni na wavuvi wanavyobishana ufukweni. Soma waliotangulia, sana. Mwandikie ndugu yako ujumbe mrefu wa kweli kuhusu jambo moja uliloliona leo, kisha usome kwa sauti. Pale ulimi wako unapokwama, huenda neno hilo si lako. Libadilishe, usome tena.