Dk. Burkitt: Daktari aliyetetea pumba za nafaka

WASAGAJI wa Mbeya na Iringa wanajua kuwa wateja wengi hupenda sembe nyeupe, na pumba huishia kwa mifugo. Hayati Dk. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka 20, aliupinga mtindo huo wa kukoboa nafaka hadi uzeeni.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Alifika Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira, kisha akahamia Kampala. Huko Mulago, mwaka 1957, alianza kufuatilia uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto.

Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walizunguka kilometa 16,000 hivi kwa gari kuukuu la pauni 250, wakiuliza hospitali hadi hospitali. Ikaonekana kuwa uvimbe huo hufuata joto na mvua, kama malaria. Kwenye nyanda za baridi zilizo juu ya meta 1,500 hivi, kama ilivyo miji ya Mbeya na Iringa, ulikuwa nadra.

Mwaka 1964 wanasayansi wa London walikuta virusi ndani ya uvimbe huo. Mwaka 1982 ikajulikana kuwa jeni inayoamuru seli zigawanyike huwa imehama, ikakaa jirani na jeni nyingine inayofanya kazi muda wote. Mkulima wa mpunga wa Usangu ataelewa: maji ni yale yale, lakini lango la mfereji likikosa wa kulifunga, shamba hufurika. Virusi navyo huzima jeni zao nyingi ili kinga ya mwili isivitambue, na malaria ya mara kwa mara huidhoofisha kinga hiyo.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Akiwa London alikumbuka kuwa maradhi ya utumbo mpana, ikiwamo saratani, yalikuwa nadra kwa wanavijiji wa Afrika, akasema sababu ni nyuzinyuzi za chakula. Mwaka 1979 alitoa kitabu kuhusu jambo hilo. Si madai yake yote yaliyothibitika, lakini leo inajulikana kuwa bakteria wa tumboni huchachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi iitwayo butireti, ambayo hulisha seli za utumbo na kusaidia kuongoza jeni zipi ziwashwe na zipi zizimwe.

Dk. Burkitt alifariki mwaka 1993. Kwa msagaji anayetaka kuuza dona, somo lake lina masharti. Kiini cha mahindi kina mafuta, hivyo dona huharibika upesi kuliko sembe. Isagwe kidogo kidogo kulingana na wateja. Tena sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu ambazo dona haiziondoi. Mahindi yasiyokauka vizuri au yenye ukungu yasiingie mashineni.