Karani wa mahakama aliyezihesabu nyota pacha



Sisi watu wa Mto Tana tuna mali moja ambayo hatuihesabu. Ukitoka mjini Garsen baada ya swala ya Isha, ukaelekea upande wa Minjila au ukashuka na njia ya Kipini, ukishaziacha taa za maduka nyuma yako utakutana na giza ambalo ndugu zetu wa Mombasa na Nairobi wamelisahau. Usiku usio na mwezi, mbingu imejaa nyota mpaka huoni pa kuchoma sindano. Kuna wageni wanaolipa pesa nyingi kwenda jangwani kutafuta giza kama hilo. Sisi aghalabu huinua macho mara mbili kwa mwaka, kutazama mwezi wa Ramadhani na mwezi wa Idd, na tukishamaliza ubishi wetu wa kila mwaka tunayarudisha macho kwenye simu.

Juma hili nimeona niwaeleze maisha ya Sherburne Wesley Burnham, Mmarekani aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Wanafalaki wa dunia nzima wanamjua. Huku kwetu sidhani. Nimemchagua kwa sababu kila tunapozungumza barazani habari za elimu, hakosi mtu wa kusema kwamba fulani hana digrii, sayansi ataijulia wapi? Mimi mwenyewe cheti changu ni cha diploma, basi maneno hayo sikio langu huyadaka haraka.

Burnham alizaliwa Disemba 1838 katika kijiji cha Thetford, jimbo la Vermont. Shule aliyosoma ilikuwa ya pale pale kijijini, na chuo kikuu hakukanyaga. Alijifundisha mwenyewe hati mkato, yale maandishi ya haraka ya kunakili maneno mtu anapozungumza, na hiyo ndiyo ikawa kazi ya kumpa mkate. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani aliifanya kazi hiyo New Orleans, mji uliokuwa mikononi mwa jeshi la Kaskazini. Huko, katika mnada wa vitabu, alinunua kitabu cha kueleza ramani ya mbingu. Hakuwa na mwalimu wala chama cha kumshika mkono. Alikuwa na kitabu cha mnada na macho yake.

Baada ya vita alihamia Chicago mwaka 1866, akaajiriwa kunakili mashauri mahakamani. Fikiria kazi hiyo: mchana kutwa unaandika maneno ya mawakili na mashahidi bila kuruka hata moja, kwa sababu neno moja likikosewa haki ya mtu inaweza kupotea. Naamini kazi hiyo ndiyo iliyomlea. Mkono uliozoea kunakili bila kuongeza chumvi ndio uliokuja kuandika habari za nyota.

Mwaka 1870 alipokea darubini aliyoiagiza kwa Alvan Clark na wanawe, mafundi wa lenzi mashuhuri kuliko wote Marekani wakati ule. Lenzi yake ilikuwa na upana wa inchi sita tu, kama sahani ndogo ya chai. Hakutaka madoido, alimtaka fundi ampe lenzi safi kadiri ya uwezo wake, basi. Akaisimamisha nyuma ya nyumba yake. Mchana mahakamani, usiku uani. Alikuwa na mke na watoto sita, na familia ile ilikula kutokana na kalamu ya mchana. Darubini haikumlipa kitu.

Hapa nieleze kidogo nyota pacha ni nini. Nyota nyingi unazoziona kama moja, kwa kweli ni mbili au zaidi. Nyingine zinaonekana jirani kwa bahati tu, moja iko mbele na nyingine nyuma sana, kama taa mbili za magari katika barabara ndefu ya usiku. Lakini nyingi ni pacha wa kweli: zinazungukana, zimefungwa pamoja kwa mvuto. Waarabu wa zamani walipima nguvu za macho kwa nyota mbili za kundi la Dubu Mkubwa, na ile hafifu wakaiita Suha. Sirius, ambayo Qur'ani Tukufu inaitaja kwa jina la Shi'ra katika Suratun-Najm, nayo ina mwenzake mdogo ambaye hakuonekana na mtu hadi mwaka 1862.

Faida yake ni kubwa kuliko unavyodhani. Nyota hatuwezi kuiweka kwenye mizani. Lakini zikiwa mbili zinazungukana, mwendo wao pamoja na umbali wao hutuambia uzito wao. Njia hiyo ndiyo msingi wa karibu yote tunayoyajua kuhusu uzito wa nyota.

Tatizo ni kwamba mzunguko huo ni wa polepole. Alfa Kentauri, jirani yetu wa karibu, huchukua karibu miaka 80 kuzunguka mara moja, na hiyo ni katika zile za haraka. Kuna pacha zinazochukua mamia ya miaka, na nyingine maelfu. Mtu mmoja hawezi kuishi akauona mzunguko huo mwanzo hadi mwisho. Lazima mmoja apime, aandike, afe. Mwingine aje apime tena, aandike, naye afe. Asipoandika wa kwanza, wa pili anaanza upya. Kwa hiyo orodha ya nyota pacha ni amana ya waliokufa kwa ambao hawajazaliwa.

Burnham alipoanza, wakubwa wa fani walidhani kazi kubwa imekwisha. William Herschel, ambaye naye alianza kama mwanamuziki, alikuwa ameorodhesha mamia ya pacha tangu mwaka 1782. Wilhelm Struve wa Dorpat, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia, alichapisha mwaka 1827 orodha ya zaidi ya 3,000. Karani wa mahakama mwenye darubini ya inchi sita angeongeza nini?

Aliongeza. Mwaka 1873 jarida la Chama cha Kifalme cha Falaki cha London lilichapisha orodha yake ya kwanza ya pacha mpya 81. Ikafuata ya pili, ya tatu, na nyingine na nyingine. Kwa darubini ile ndogo peke yake alipata zaidi ya 400. Siri yake ilikuwa jicho kali na subira. Alizitenganisha nyota zilizobanana kiasi ambacho wengine waliziona nukta moja. Wataalamu hupima nafasi hiyo kwa sekunde ya pembe, yaani digrii moja ikigawanywa mara 3,600. Ukitaka kujua ni ndogo kiasi gani, weka sarafu ya shilingi kumi barabarani kisha uitazame kutoka umbali wa karibu kilomita tano. Upana wa sarafu ile ndiyo sekunde moja, na baadhi ya pacha za Burnham zilikuwa na nafasi ndogo kuliko hiyo.

Sifa zikaja bila yeye kuzikimbilia. Chuo Kikuu cha Yale kilimpa shahada ya heshima mwaka 1878. Mwaka uliofuata wakuu wa mradi wa kituo cha Lick walitaka kujua kama kilele cha Mlima Hamilton, California, kinafaa kujengwa darubini kubwa. Wakamtuma yeye na darubini yake ya inchi sita. Alikaa huko muda wa miezi michache, akarudi na ripoti nzuri ya anga la pale, na pamoja na ripoti akarudi na pacha mpya 42. Kituo kilipofunguliwa mwaka 1888 alikuwa mmoja wa wafanyakazi wake wa kwanza. Mwaka 1892 aliondoka, akarudi Chicago kuwa karani wa mahakama ya serikali kuu. Kuanzia mwaka 1897 alikuwa akipanda treni mwisho wa juma kwenda kituo cha Yerkes, jimbo la Wisconsin, kutumia darubini ya lenzi ya inchi 40, ambayo mpaka leo hakuna ya lenzi iliyofanya kazi ya falaki ikaizidi. Jumamosi na Jumapili usiku anapima nyota, Jumatatu yuko ofisini. Aliendelea hivyo miaka mingi, hadi mwaka 1914.

Kwa jumla aligundua zaidi ya pacha 1,300. Lakini mimi siyo hesabu hiyo inayonivutia zaidi.

Tangu siku zake za mwanzo Burnham aliona kwamba habari za nyota pacha zimetawanyika. Nyingine ziko katika vitabu vya Kijerumani, nyingine vya Kiingereza, nyingine katika majarida ambayo watu wachache walikuwa nayo. Mtu alikuwa anaweza kushangilia ugunduzi wake, kumbe mwingine alishauona miaka 40 nyuma. Baadhi ya nyota zilikuwa zimeandikwa mahali pasipo pake, ukielekeza darubini hapo hukuti kitu. Basi akaanza kuandika daftari lake mwenyewe kwa mkono: kila pacha, iko wapi, nani aliiona kwanza, nani aliipima, lini, na alipata nini. Penye shaka, alirudi kwenye darubini akatazama mwenyewe.

Daftari hilo alilibeba zaidi ya miaka 30. Mwaka 1906 Taasisi ya Carnegie ya Washington ililichapisha katika sehemu mbili kubwa, zenye pacha 13,665. Ndani yake kazi ya Herschel, ya Struve, na ya watu wasiojulikana zimekaa pamoja, kila mmoja na haki yake. Mwenye darubini ndogo uani kwake sasa aliweza kujua atazame wapi, na akiona tofauti, aijulishe dunia.

Hakuifanya mali yake. Nguvu zilipopungua, makaratasi ya nyongeza alimkabidhi Eric Doolittle. Doolittle alipofariki yakaenda kwa Robert Aitken, aliyetoa orodha mpya mwaka 1932. Leo orodha hiyo inatunzwa Washington, ina pacha zaidi ya 150,000, na kijana yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua bure. Burnham mwenyewe alifariki Chicago Machi 1921, akiwa na umri wa miaka 82.

Orodha yake ilikuwa na mpaka mmoja: iliishia kwenye nyota zinazoonekana kutoka kaskazini. Kusini ya mbali aliishughulikia Robert Innes, aliyeacha shule akiwa mtoto wa miaka 12, na ambaye baadaye aliongoza kituo cha Johannesburg, hapa hapa Afrika. Na sasa tazama baraka ya Garsen. Tuko kama digrii mbili tu kusini mwa Ikweta. Orodha ya Burnham na orodha ya Innes, karibu zote mbili ziko juu ya paa zetu. Tunachokosa ni nyota chache tu zilizozunguka Jaa. Wao wawili, kila mmoja alipewa upande wake wa mbingu.

Kwa nini nimeyasema haya yote? Kwa sababu ugonjwa aliouona Burnham ndio ugonjwa wetu. Elimu yetu imetawanyika, na inazikwa. Wazee wa kandokando ya mto, wakulima na wafugaji, walikuwa na majina yao ya nyota na hesabu zao za misimu. Ndugu za Waorma kule kaskazini, Waborana, wana wataalamu wao waitwao ayaantuu, wanaohesabu kalenda kwa mwezi na nyota. Wavuvi na mabaharia wetu waliijua Jaa na Kilimia. Nani ana daftari la hayo? Na si nyota tu. Mto huu ulifurika mwaka 1961, ukafurika 1997, ukafurika 2018, ukafurika tena 2023. Katika kijiji chako, ni nani aliyeandika maji yalifika mti gani, yalikaa siku ngapi, na watu walikimbilia wapi wakasalimika? Mzee anayejua yupo. Akifa, mtoto wake atajenga nyumba palepale maji yalipopita.

Hakuna mradi wala mfadhili anayehitajika ili kuanza daftari. Linahitaji karani, na makaratasi si ghali. Burnham alikuwa mtu wa mshahara kama mwalimu wa pale shuleni kwenu au karani wa ofisi ya kaunti. Tofauti yake ni kwamba aliandika tarehe, akaandika jina la aliyemtangulia, akahakikisha penye shaka, na akampa mwingine kabla hajaondoka.

Kwa vijana wenye hamu: jioni za mwezi wa tano na wa sita, tazameni kusini mtaona nyota nne za Msalaba wa Kusini, na karibu yake nyota mbili ziking'aa. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Kentauri, na darubini ndogo tu itawaonyesha kwamba ni mbili. Geukeni kaskazini, mumtafute Suha kwa macho matupu. Na viongozi wetu wanaotuletea taa za mulika mwizi, tunashukuru, lakini elekezeni mwanga chini penye wezi. Juu hakuna mwizi.

Tukutane juma lijalo, inshallah.