Johannes Rebmann, Mgeni Aliyekaa Rabai Miaka 29

Katika sharika zetu wamo watu wengi waliohama. Wako waliotoka milimani penye baridi na migomba, wakashuka nchi tambarare kutafuta shamba au kazi. Na wako walimu na wainjilisti waliotumwa mahali ambapo hawakujua mtu wala njia. Sisi nasi tuliwahi kuhamishwa hivyo. Tulizaliwa mahali ambapo watu huota moto kila jioni, tukapelekwa mahali ambapo usiku hata shuka huwa mzigo. Mwaka wa kwanza watoto wetu waliugua homa mara kwa mara, maji ya kisima yalikuwa na chumvi, nasi tulihesabu miezi kama mfungwa ahesabuvyo. Tuliandika barua ya kuomba turudishwe. Ikakaa katikati ya kurasa za Biblia yetu siku nyingi, wala hatukuipeleka wala hatukuichana. Siku zile ndipo tulipozisoma habari za Johannes Rebmann.

Watu wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya theluji ya Kilimanjaro. Lakini mlima ule aliuona katika safari chache tu, na Rabai alikaa miaka 29. Basi leo hatutasimulia sana habari za kusafiri kwake, ila hasa habari za kukaa kwake.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, katika nchi ya Württemberg huko Ujerumani. Watu wa kijiji kile walikuwa wakulima wa mizabibu. Huko mwaka una majira manne: wakati wa baridi theluji hufunika mashamba, na miti husimama mitupu, kisha joto hurudi, majani huchipuka, na zabibu huvunwa kabla ya baridi kurudi tena. Mtoto aliyekulia huko huyajua majira hayo kama sisi tunavyoijua njia ya kwenda kisimani. Alipokuwa kijana aliingia chuo cha misioni cha Basel katika nchi ya Uswisi, akasoma huko miaka kadhaa. Kisha akapelekwa Uingereza, akapewa daraja la uchungaji chini ya chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, maana wakati ule Walutheri wengi wa Württemberg walitumika katika chama kile. Mwaka 1846 alitumwa Mombasa, naye alikuwa na umri wa miaka 26.

Mombasa alimkuta Mjerumani mwenziwe wa Württemberg, Johann Ludwig Krapf, aliyefika pwani mwaka 1844. Rebmann hakumkuta mtu mwenye furaha ya nyumbani. Mke wa Krapf, Rosine, alikufa kwa homa mwezi wa Julai 1844, siku chache baada ya kujifungua, na mtoto wao mchanga akamfuata mamaye. Kwa hiyo kitu ambacho Rebmann angeweza kuonyeshwa kwanza katika nchi yake mpya kilikuwa kaburi. Na muda haukupita mwingi, naye mwenyewe akashikwa na homa. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba homa hiyo huletwa na mbu, maana jambo hilo halikuthibitishwa mpaka mwaka 1897. Watu walidhani inatoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Basi mgeni alilala bila chandarua, akajilaumu kwa kutembea juani, na adui yake alikuwa akilia sikioni mwake kila usiku.

Wale mabwana wawili walikuwa wamekusudia kukaa Rabai, juu ya vilima nyuma ya Mombasa, kwa watu walioitwa wakati ule Wanyika, na leo huitwa Mijikenda. Krapf alikuwa amekwenda kwanza kuomba ruhusa kwa wazee, nao wazee wakampokea kwa upole. Jambo hili tulikumbuke: nyumba ya kwanza ya misioni katika nchi ile ilisimama kwa ukarimu wa wazee wa Rabai, si kwa nguvu ya serikali wala ya bunduki. Tarehe 25 Agosti 1846 walihamia. Wote wawili walikuwa dhaifu kwa homa, na punda alikuwa mmoja tu. Basi wakapanda kwa zamu, mmoja juu ya punda na mwenziwe akijikokota kwa miguu, wakakipanda kilima hivyo mpaka wakafika.

Wahenga husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Rebmann hakungoja kupewa. Nyumba ilipojengwa wageni hawa walifanya kazi kwa mikono yao kama vibarua wengine. Ukuta ulikuwa wa udongo, na paa la makuti. Tena ilimpasa kujifunza upya mambo ambayo mtoto wa Rabai huyajua. Kwao kulikuwa na majira manne. Hapa alijifunza masika na vuli, kaskazi na kusi. Kwao jua la wakati wa baridi hutua mapema, na la wakati wa joto hukawia sana. Hapa hutua karibu saa ile ile mwaka mzima. Kwao divai hutoka katika mzabibu uliokatwa na kutunzwa chini. Hapa aliwaona wagema wakipanda minazi kuteremsha tembo. Mtu mzima aliyesoma vyuo viwili akawa mwanafunzi tena, na walimu wake walikuwa majirani zake.

Kazi iliyomshika kuliko zote ilikuwa lugha. Kwanza alijifunza Kiswahili na lugha ya watu wa Rabai, akakusanya maneno pamoja na Krapf. Baadaye alikutana na mtu aitwaye Salimini, aliyechukuliwa utumwani kutoka nchi ya Nyasa. Rebmann aliketi naye siku nyingi sana, akimwuliza jina la kila kitu na kuandika. Hebu tufikiri jambo hili. Hapo waliketi watu wawili walio mbali na kwao: mmoja amekuja kwa hiari yake, na wa pili ameletwa kwa nguvu, na kazi yao ilikuwa kuyaokota maneno ya nchi ambayo mmoja hajaiona na mwingine hana njia ya kuirudia. Kamusi iliyotoka katika kazi ile ilipigwa chapa mwaka 1877. Jina la Rebmann limo juu yake, lakini maneno yalitoka kinywani mwa Salimini.

Mwaka 1848 alisafiri kwenda Uchaga, akiongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za misafara, pamoja na wachukuzi wachache. Tarehe 11 Mei aliona weupe juu ya mlima mkubwa, akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi, naye akamjibu kwamba ni baridi. Watu wa pwani walikuwa na hadithi kwamba kileleni kuna fedha. Lakini Rebmann alitambua mara moja, kwani alikuwa amezaliwa katika vitu vile. Miaka miwili alikuwa amelivumilia jua la pwani, akitibiwa homa na kujifunza majira ya wengine; na sasa, mbali kabisa na Gerlingen, theluji ya utotoni mwake ilikuwa mbele ya macho yake, juu ya nchi ya joto. Alipoandika habari hizo, mabwana wenye elimu huko Ulaya walimdhihaki, hasa Mwingereza mmoja aitwaye Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hizi. Walisema haiwezekani theluji kukaa karibu na ikweta. Rebmann hakurudi Ulaya kushindana nao. Mwaka 1861 na 1862 Baron von der Decken alifika mlimani, akashuhudia kwamba theluji ipo.

Rebmann alifika Uchaga mara tatu. Katika safari ya mwisho, mwaka 1849, alitaka kupita mpaka Unyamwezi, lakini Mangi Mamkinga wa Machame alimtoza vitu vyake vingi, hata hakubaki na kitu cha kusafiria mbele. Akarudi Rabai mikono mitupu. Tangu hapo maisha yake yaligeuka. Krapf alikuwa mtu wa mawazo mapana; alitaka mlolongo wa vituo vya misioni toka bahari hii mpaka bahari ya magharibi. Rebmann aliona heri kukaa mahali pamoja na kuanza hapo kwa uvumilivu. Ndugu hawa wawili hawakupatana vema katika neno hili. Krapf, kwa ugonjwa, alirudi kwao mwaka 1853. Rebmann akabaki.

Walakini kukaa si kulala. Kwa kuwauliza wasafiri wa misafara, yeye na mwenziwe Erhardt walipata habari za maji makubwa ya bara, wakachora ramani iliyotangazwa Ulaya mwaka 1856. Katika ramani ile waliweka ziwa moja kubwa mno, kumbe ni maziwa matatu, Nyasa na Tanganyika na Viktoria. Walikosa hesabu, lakini ramani yao ndiyo iliyowaamsha wengine, kina Burton na Speke, waende kutazama.

Mwaka 1851 Rebmann alioa huko Misri. Mkewe, Emma, alikuja kukaa naye, wakaishi pamoja miaka 15. Mtoto wao mmoja alikufa angali mchanga. Mwaka 1857 Wamasai walishambulia nchi ile, na Rebmann na mkewe wakalazimika kukimbilia pwani. Baada ya muda walirudi na kuanza upya. Mwaka 1866 Emma akafa. Sasa mume alikuwa amebaki peke yake, na macho yake yalianza kuingia giza.

Wengine huko Ulaya walifikiri kwamba kazi ya Rabai imekufa. Nasi hatutaficha: ukihesabu watu waliobatizwa, walikuwa wachache sana. Wa kwanza, kilema aitwaye Mringe, alibatizwa karibu na kufa kwake. Kisha wakaja Abe Gunja na mwanawe Isaac Nyondo, na wengine wachache. Tena hatusemi kwamba Rebmann hakuwa na upungufu. Huenda alijifungia mno katika vitabu vyake, na pengine jirani alingoja mlangoni huku yeye akitafuta neno. Lakini mwaka 1873 Sir Bartle Frere alipofika Rabai, alimkuta mzee yule bado yupo, kipofu, katikati ya maandishi yake, na kundi dogo la Wakristo likimzunguka. Alikuwa hajarudi kwao hata mara moja tangu mwaka 1846.

Mwaka 1875 alikubali kuondoka. Isaac Nyondo alikwenda naye, akamwongoza njia yote mpaka Ujerumani. Hapo mambo yalipinduka: mwenyeji wa Württemberg alirudi kwao kama mgeni, asione mizabibu wala theluji, akishikwa mkono na mtu wa Rabai, ambaye ndiye mgeni kweli kweli katika baridi ile. Rebmann alikaa Korntal, karibu na rafiki yake wa zamani Krapf. Wale waliotofautiana juu ya kwenda na kukaa wakawa majirani tena. Mwaka 1876 alioa mara ya pili, mjane aitwaye Louise Däuble. Na mwaka ule ule, tarehe 4 Oktoba, akafa kwa ugonjwa wa mapafu. Tafsiri yake ya Injili ya Luka kwa Kiswahili ilipigwa chapa mwaka huo. Krapf akamfuata mwaka 1881, akazikwa papo hapo Korntal.

Mojawapo ya barafu za Kibo limepewa jina la Rebmann, nalo linapungua mwaka hata mwaka. Lakini twaona kwamba kumbukumbu lake bora si lile la juu mlimani. Ni yule mtu aliyemshika mkono njiani. Hakuna mtu amwongozaye kipofu kuvuka bahari kama huyo kipofu hakuwa kwanza jirani yake.

Basi, ndugu mliohama, nasi tulijifunza hivi. Nabii Yeremia aliwaandikia waliohamishwa kwenda Babeli kwamba wajenge nyumba na kupanda bustani, na kuuombea mema mji ule. Hakuwaambia wahesabu siku. Tusikae katika nchi mpya na mizigo yetu imefungwa. Tuwaulize wenyeji ni lini mvua hunyesha, tukapande wapandapo. Tujifunze salamu zao kabla ya kuwafundisha neno lolote. Tutege chandarua, maana sisi tunajua jambo ambalo Rebmann hakulijua, na kutokutumia tulilojua si imani bali ni uvivu. Na mwenye kuugua au kufiwa asione haya kulia. Krapf na Rebmann nao walilia.

Ile barua yetu hatukuipeleka. Masika yalipoanza tulipanda miembe miwili nyuma ya nyumba, na mzee mmoja jirani akaja kutuonyesha kwamba tumeikaribisha mno. Akaing'oa mmoja, akaupanda mahali pake. Tangu siku ile hutuita watu wa hapa.