Zaaf wa Algeria na Harufu ya Mvinyo

Waswahili tuna mithali yetu: lisemwalo lipo, na ikiwa halipo laja. Ina ukweli wake, lakini imewaponza wengi. Yako mambo husemwa, yakarudiwa, yakatiwa magazetini na vitabuni, na ukiyafuata hadi asili yake hukuti ila harufu. Mtu mmoja aliyepatwa na msiba wa namna hiyo ni marehemu Abdel-Kader Zaaf, Mwislamu wa Algeria, ambaye jina lake lilienea Ulaya nzima kwa kisa cha alasiri moja.

Zaaf alizaliwa mwaka wa 1917 katika mji mdogo wa Chebli, kusini mwa jiji la Algiers, kwenye uwanda wa Mitidja ulio mashuhuri kwa mashamba. Wakati huo Algeria ilikuwa chini ya Wafaransa, waliokuwa wameiteka tangu 1830. Kijana huyu alitokea kuwa mpanda baiskeli mwenye kifua na ukaidi. Hakuwa na wepesi wa kukwea milima, lakini alikuwa na moyo wa kutoka mbele mapema na kuwaacha wenzake wamfukuze.

Mwaka wa 1948 aliingia kwa mara ya kwanza katika Tour de France, mashindano ya kuizunguka nchi ya Ufaransa yaliyoanzishwa mwaka wa 1903. Hayo ni mashindano ya wiki tatu hivi. Kila siku ina safari yake na mshindi wake, kisha saa za siku zote hujumlishwa apatikane bingwa mkuu.

Msomaji asidhani kwamba kila mmoja hujiendea peke yake. Adui mkubwa wa mpanda baiskeli ni upepo, na anayejibanza nyuma ya mwenzake huponea kazi kubwa. Kwa hivyo kila timu huwa na nahodha na watumishi wake. Watumishi humkinga nahodha na upepo, humletea maji, na gurudumu lake likipasuka humpa la kwao wao. Hadi hii leo wapo waliotumika hivyo miaka kumi na zaidi bila ya kushinda hata siku moja, wala hawaoni haya, kwani ndiyo kazi waliyoajiriwa.

Zamani za Zaaf timu zilikuwa za mataifa. Wapanda baiskeli wa Algeria, Tunisia na Moroko walitiwa pamoja katika timu moja ya Afrika ya Kaskazini. Ilikuwa timu ndogo, haikuwa na nahodha wa kutazamiwa ubingwa. Mbinu ya wanyonge katika mchezo huu ni moja: watoke mapema, wakati wakubwa wanaviziana na hakuna anayetaka kuchoka kwa ajili ya mwingine, na wajaribu kupata ushindi wa siku moja tu.

Ndivyo walivyofanya tarehe 27 Julai 1950. Ilikuwa katika Mfungo Mosi, siku kumi na moja hivi baada ya Idi. Safari ya siku hiyo ilikuwa ya kilomita 215, kutoka Perpignan hadi Nîmes, na jua la kusini mwa Ufaransa lilikuwa likiunguza. Zaaf alitoka mbele pamoja na mwenziwe wa timu, Marcel Molinès, kijana wa miaka 21 wa asili ya Kifaransa, naye pia mzaliwa wa Chebli. Watu wawili wa mji mmoja, Mwislamu na mlowezi, wakawa wanapokezana kukata upepo. Huyu akichoka yule hushika mbele, na msafara ukabaki nyuma mbali sana.

Zilipobaki kilomita kama 20, Zaaf akaanza kuyumba, mara kulia mara kushoto mwa barabara. Jua na kiu vilikuwa vimemmaliza. Molinès akaendelea peke yake. Wako watakaouliza kwa nini hakumngoja mzee wake. Lakini lau angalimngoja, wote wawili wangalikamatwa, na jasho la kutwa nzima lingalikwenda bure. Alifika Nîmes wa kwanza, akawa mzaliwa wa Afrika wa kwanza kushinda siku katika Tour. Ushindi ule ulikuwa nusu wa Zaaf.

Zaaf mwenyewe alianguka kando ya njia, akalazwa chini ya mti. Ile ni nchi ya mizabibu, na kama isimuliwavyo, wakulima waliokuwa wakitazama walimhurumia wakammwagia kile walichokuwa nacho, nacho ni mvinyo. Alipozindukana aliirukia baiskeli yake, na kwa kuzugwa akaifuata barabara kuelekea alikotoka. Wakamzuia, akapelekwa hospitali, na mashindano yake ya mwaka ule yakaishia hapo. Kesho yake mwenzao Custodio dos Reis aliishindia timu ile siku ya pili mfululizo, kutoka Nîmes hadi Toulon.

Lakini picha ya Zaaf chini ya mti ndiyo iliyoenea, na pamoja nayo maneno kwamba alikuwa amelewa. Wengine baadaye wakaongeza dhana ya vidonge vya kutia nguvu, ambavyo wakati ule vilikuwa vikitumiwa na wengi. Mwenye kutafakari ataona jambo moja. Kuyumba kulitangulia, mvinyo ukafuata. Aliyeanguka kwa kiu akanukia pombe ya watu wengine hawezi kuitwa mlevi, na kwa Mwislamu tuhuma hiyo si mzaha wa magazetini, ni jeraha la heshima.

Kisa kile kilimletea fedha hata hivyo. Miji mingi ilimwalika katika mashindano ya maonyesho, kwa kuwa watu walitaka kumwona yule wa mti. Zaaf akaenda, akapanda baiskeli, akala jasho lake.

Mwaka wa 1951 akarudi katika Tour. Baina ya Carcassonne na Montpellier, katika joto jingine kali, alichomoka mapema kama ada yake, na wakubwa wakamfuata. Mwitaliano Fausto Coppi, aliyekuwa amefiwa na nduguye Serse wiki tatu tu nyuma, aliishiwa nguvu akapoteza zaidi ya nusu saa. Wenzake wa timu walibaki naye, wakazitupa nafasi zao, wakamfikisha kabla ya muda wa mwisho ili asiondolewe. Mswisi Hugo Koblet alishinda siku ile na mashindano yote. Zaaf aliumaliza mzunguko akiwa wa 66, yaani wa mwisho, anayeitwa huko taa nyekundu kwa mfano wa taa ya behewa la nyuma la gari la moshi. Waliokuwa wameanza ni 123. Aliyefika wa mwisho amewapita wote walioshindwa kufika.

Alifariki mwaka wa 1986, nchi yake ikiwa huru tangu 1962. Mwaka huo huo Molinès naye alikufa. Hadi leo yako maandishi yanayomtaja kama yule mlevi wa chini ya mti. Nasi tulio mbali, tukisikia kisa hicho barazani, haki yake kwetu ni kwamba tukisimulie kwa mpango wake: kwanza kazi, kisha kiu, kisha harufu. Mola amrehemu.